Mkono wa Kulia wa Rajabu

Shieywe, Alhamisi alasiri

Nafula,

Salamu tutakuwa tumeshapeana mlangoni kama tulivyozoea, ukirudi leo jioni kutoka Matete kwa senge wako, dada yangu; barua hii utaikuta kitandani kwako. Mambo ya chakula, ya nguo, ya kanisa utakalosali huko Mombasa na ya watu wa kujihadhari nao, mama yako atakumwagia yote kesho huku akikunja nguo zako, na mimi sitamwingilia. Mimi nakuandikia kwa sababu nina hasira. Ninayo tangu Jumapili na haijapoa. Nikisema kwa mdomo nitapiga kelele, nawe utainamia sahani yako kama ulivyofanya siku ile, kisha kesho jioni utapanda gari bila kujua kilichonikera ni nini.

Jumapili mezani ulitusimulia habari za kile kinu cha mahindi cha Lugari ulikomalizia mafunzo yako ya kazini wiki iliyopita. Nakumbuka kila neno.

"Baba, hiyo mota iliwasumbua wiki mzima," ulisema, mdomo umejaa. "Draivu inaandika umeme unavuja ardhini, inajizima. Wanariseti, inajizima tena. Mafundi wazima wamechoka. Mimi nikaingia kwa setingi, hiyo ulinzi nikaizima. Mashine ikanguruma! Fomani akasema huyu msichana ni moto."

Mama yako akacheka na kukupigia makofi. Mimi nikasukuma kiti, nikakuita mjinga, nikatoka nje nikaacha paja la kuku, ingokho yetu, kwenye sahani. Katika nyumba hii hakuna mtu amewahi kuacha ingokho kwenye sahani, kwa hiyo hilo peke yake lingetosha kukuonyesha kwamba baba yako hayuko sawa.

Wewe una vitabu, mimi nina makovu, lakini hapa tunasema jambo moja. Draivu ni sanduku linaloongoza mwendo wa mota, na muda wote linapima umeme unaokwenda na unaorudi. Hesabu ikikataa, maana yake kuna umeme unaopotelea njiani: kwenye chuma, kwenye maji, au kwenye mwili wa mtu. Ndipo linajizima na kuandika kosa kwenye kioo chake. Wewe ulikuta askari anapiga filimbi, ukamnyang'anya filimbi, ukasifiwa kwamba umeleta amani. Na mwizi je, ulimtafuta? Hukumtafuta. Ulikunywa chai ya fomani.

Hasira yangu ilikuwa ya haki. Neno mjinga halikuwa la haki, kwa sababu aliyestahili kuitwa hivyo alikuwa amekalia kile kiti nilichokisukuma. Kosa lako nimelifanya mimi kabla yako, Nafula, na nimekuficha tangu ulipokuwa darasa la tatu.

Unamkumbuka Rajabu wa Mayoni. Yule jirani yetu wa zamani tulipokuwa tunaishi nyumba za kiwanda cha sukari, aliyekuwa akikuletea vipande vya muwa vilivyomenywa. Unamkumbuka kwa sababu ya mkono wake. Siku moja alikunyooshea mkono wa kushoto akusalimie, nawe ukarudisha wako nyuma ukasema mwalimu wenu amewakataza kusalimia kwa kushoto. Mimi nikacheka. Yeye naye akajichekesha. Usiku ule ukaniuliza mkono wake wa kulia ulifanywa nini, nikakujibu kwamba alishika kitu ambacho hakuruhusiwa kushika. Nilikutazama usoni nikakwambia hivyo. Sijui kama kuna uongo mwingine niliowahi kuusema kwa sauti tulivu namna ile.

Sasa sikiliza ilivyokuwa.

Mimi nilikuwa fundi wa umeme wa zamu, Rajabu alikuwa mwangalizi wa pampu zinazosukuma maji ya miwa baada ya kukamuliwa. Pampu namba mbili ilikuwa na mota kubwa na draivu mpya ambayo wote tuliiogopa kidogo. Msimu wa kusaga ulipopamba moto, draivu ikaanza kujizima. Kosa ni hilohilo, umeme unavuja ardhini. Naja na vifaa vyangu, napima, mota nzima, waya mzima. Nabonyeza riseti, pampu inakwenda. Kesho yake inazima tena. Nikamlaani aliyeitengeneza, nikasema hizi draivu za siku hizi ni deko tupu.

Rajabu hakuwa fundi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la saba na chuo cha Kurani, basi. Lakini yeye ndiye aliyekaa na ile pampu muda wa saa nane kila siku, mimi niliitembelea dakika kumi. Siku moja akanivuta kando akaniambia, "Fundi, hii kitu inazimanga tu wakati wa kubadilisha shifti. Hao wa kuosha sakafu wakimaliza na mpira wao wa maji, haichukui muda, inalia."

Unaona? Mtu asiye na kipimo chochote mkononi alikuwa ameshamaliza nusu ya kazi. Mimi nilikuwa napima mota ikiwa imeshakauka, inanijibu mota iliyokauka. Swali la kwanza kwa hitilafu ya namna hii ni inatokea saa ngapi, na anayejua jibu ni yule anayesimama hapo siku nzima, hata kama hajui kusoma kile kioo. Sikuambii ili uwe mnyenyekevu. Nakuambia kwa sababu nilipoteza wiki mbili kwa kujiona.

Nikafungua kile kisanduku cha juu ya mota ambamo nyaya zinaungana. Maji yalikuwa yamesimama ndani. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekatika, na pale waya unapoingilia palikuwa pamelegea. Kazi ya saa mbili kama spea zipo. Nikaenda kwa Injinia. Ndivyo tulivyomwita wote, na jina lake sitaliandika humu, sitaki likae kwenye karatasi moja na lako.

Injinia akasema msimu haumngoji mtu, spea zitakuja. Basi tukabuni dawa yetu ya kienyeji, ambayo sijaisikia kwingine kokote ila katika kile kiwanda. Tuliiita kuipa jua. Sakafu ikishaoshwa na draivu ikizima, unafungua kile kisanduku, unaning'iniza balbu kubwa inayowaka ndani yake, maji yanakauka, unafunga, unariseti. Tulifanya hivyo kama watu wanaochemsha chai. Mafundi wapya tuliwafundisha kuipa jua kabla hatujawafundisha kupima. Ukifanya upuuzi kila siku kwa saa ileile, mwishowe unaitwa utaratibu, na watu wanakusifu ukiufanya haraka.

Halafu siku moja miwa ilikuwa imepanga foleni ya matrekta mpaka barabarani, draivu ikazima mara tatu katika zamu moja. Injinia akaja mwenyewe, viatu safi, akasimama nyuma yangu.

"Hiyo ulinzi inaweza kuzimwa?" akauliza.

"Inaweza," nikasema.

"Sasa unangoja nini?"

Usidhani nakusimulia ili umchukie Injinia. Mchukie ukitaka, mimi namchukia vya kutosha. Lakini yeye hakugusa kitu. Kidole kilikuwa changu. Niliingia kwenye setingi, nikaitafuta ile laini, nikaizima, na pampu ikanguruma vilevile kama yako ilivyonguruma. Akanipiga bega. Nilisikia raha, Nafula. Hilo ndilo linalonichoma kuliko yote, kwamba nilisikia raha.

Kuna kitu kingine ambacho sikukitazama. Kwenye mguu wa mota kuna waya wa kijani na manjano unaofungwa kwa bolti, unaopeleka ardhini umeme wowote uliopotea njia. Ile bolti ilikuwa imeliwa na kutu na maji ya miwa. Wiki zote zile nilikodolea macho kioo cha draivu, sikuinama kutazama mguu wa mota. Siku ambayo nilizima ulinzi, waya ule ulikuwa umeshikiliwa na kutu tu. Wakati fulani ukaachia.

Rajabu nilimfundisha mwenyewe kushika mota. Mtu anayeangalia pampu hupenda kuigusa kujua kama bearingi inapata moto, nami nilimwambia aanze kwa mgongo wa mkono, asianze kwa kiganja. Ukianza na mgongo wa mkono, umeme ukiwemo utakurusha nyuma. Ukianza na kiganja, vidole vinajifunga na huwezi kuachia. Hakuwahi kusahau. Alikuwa akigusa ile mota kama mama anayepima homa ya mtoto.

Keshoye baada ya sakafu kuoshwa, pampu haikuzima. Rajabu akashangaa. Akasimama pale akiwa na ndala zake zilizolowa, maana buti za kiwanda zilikuwa zimetuishia, akaniita. "Fundi, leo haijalia. Naweza shika?"

Nilikuwa naandika kwenye daftari la zamu. Sikuinua hata kichwa. Nikasema, "Shika tu, nimeimaliza."

Akaniamini. Akaweka kiganja.

Sitakueleza sauti ile. Nilikimbia nikapiga swichi ya dharura, lakini kutoka mezani mpaka pale ni hatua kumi na saba, nilizihesabu baadaye mara nyingi. Alipona. Mkono wake haukupona. Kano ziliungua, vidole vikajikunja kuelekea kiganjani, na havijakunjuka mpaka leo.

Kabla wakaguzi hawajafika, niliirudisha ile setingi. Hakuna aliyenituma, hapo Injinia hakunong'ona hata neno. Nilikwenda kwenye draivu peke yangu na kuiwasha tena, nikafunga na ule waya kwa bolti mpya. Injinia akaandika ripoti kwamba mwangalizi wa pampu alifungua kifuniko cha mota bila ruhusa, mikono ikiwa na maji. Akanisogezea nitie sahihi kama shahidi. Nikatia. Rajabu akafukuzwa kwa uzembe, na mwaka uliofuata mimi nikawa mkuu wa mafundi. Zile picha zangu na kofia nyeupe ambazo ulikuwa ukizipeleka shuleni kuwaonyesha wenzako ni za mwaka huo.

Ulisema umechagua umeme kwa sababu yangu. Ulipolisema siku ya mahafali, watu wakashangilia, mimi nilikwenda chooni nikakaa huko.

Mama yako alijua. Jumapili baada ya wewe kwenda kulala akanijia kule nje. Nilidhani atanigombeza kwa kukuita mjinga. Akasema, "Wewe ndio ulinyamazanga. Sasa mtoto amefanya vile hukumwambia asifanye, unamkasirikia nini?" Kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekwenda Mayoni.

Nilimkuta uani kwake, anaranda ubao kwa mkono wa kushoto huku ameukandamiza kwa kiwiko cha kulia. Nikasema hodi. Akaniitikia, nikampa salamu ya dini yake, akaijibu yote mpaka mwisho, maana huyo hawezi kumnyima mtu salamu. Nikamwambia niliyokuja kumwambia, setingi, bolti, ripoti, sahihi. Nilisema nimesimama, hakunikaribisha kiti. Alisubiri nimalize.

"Hiyo yote najua," akasema. "Unafikiri mimi ni mtoto? Mota ilikuwa inazimanga kila siku, siku moja ikaacha kuzima, na wewe ukaniambia shika. Nilijua nikiwa bado hospitali."

"Mbona hukusema?"

"Kwa nani? Ripoti ilikuwa na jina lako chini. Nilisema huyu ni jirani, atakuja. Nikangoja." Akaweka randa chini. "Fundi, mimi nakulanga na mkono wa kushoto. Unajua hiyo kwetu ni nini? Kwa matanga, kwa harusi, kwa Idi, nimekaa na wazee kwa sinia moja, wote wanaingiza mkono wa kulia, mimi najitenga na sahani yangu kama mgonjwa. Watoto wangu nawafundisha kula na kulia, wananiangalia. Hiyo ndio nilitaka ukuje uone. Hukukuja."

Nikasema naomba msamaha. Akakataa, Nafula. Sikuwa nimetarajia. Nilikuwa nimejiandaa kulia na kusamehewa, ndiyo safari niliyokuwa nimeipanga kichwani. Akasema, "Leo sikupi. Labda siku ingine, Mungu akipenda. Leo umekuja kwa sababu gani? Si kwa sababu yangu."

Nikamweleza habari yako, kinu cha Lugari, setingi, na kwamba kesho unakwenda kuanza kazi Mombasa kwenye kiwanda chenye draivu hamsini. Halafu akauliza kitu ambacho mimi baba yako, fundi mkuu mstaafu, nilikuwa sijakiuliza tangu Jumapili, kwa sababu nilikuwa nimeshughulika na hasira yangu.

"Hiyo mashine ya Lugari," akasema, "bado imezimwa ulinzi?"

Nikasema nadhani bado.

"Na nani anaishikanga?"

Nafula, sikujua. Wewe unajua. Yuko mtu pale, una jina lake, labda alikuwa akikupa uji. Wakati huu unaposoma anasimama karibu na ile mota, na hakuna kitu kitakachojizima kwa ajili yake, kwa sababu wewe ulikizima. Mvua za alasiri zimeshaanza Lugari. Sijui paa la kinu kile linavuja au halivuji.

Basi ukimaliza barua hii, usije kwanza kuzungumza nami. Simu yangu nimeiacha kwenye kabati la vyombo, ina chaji. Mpigie fomani wako, na asipopokea umpigie huyo mwenye kuishika mota. Waambie wazime kwa swichi kubwa, wafunge kufuli, wangoje draivu imwage umeme wake wa ndani mpaka kioo kife na dakika kadhaa zaidi, kisha wachomoe nyaya za mota kutoka kwenye draivu. Draivu ikiwashwa peke yake na bado inalia, ubovu ni wake. Isipolia, wapime waya kivyake na mota kivyake kwa mega, kile kipimo cha kutafuta umeme unakovujia. Sisitiza nyaya zichomolewe kwanza. Mimi niliwahi kupima kwa mega draivu ikiwa bado imeungwa, nikaikaanga nzima, moshi ukatoka kwa kila tundu, nikadanganya kwamba ni radi. Na waulize inalia saa ngapi. Na wainame watazame waya wa ardhi kwenye mguu wa mota. Halafu uwaambie ni wewe uliyezima ulinzi. Hapo utatamani kukata simu, useme hivyohivyo. Fomani atakasirika, na chai yake ataijutia. Mwache akasirike.

Huko Mombasa utampata Injinia wako. Yupo kila kiwanda, viatu safi, atasimama nyuma yako akuulize unangoja nini. Sijui utamjibu nini na siwezi kukuandikia jibu, maana mimi nilishindwa. Ninachojua ni kwamba utakuwa na hofu na utataka kupigwa bega. Mimi bado naisikia ile raha begani, na naichukia.

Mega yangu ya zamani nimeifunga kwa taulo, iko chini ya sanduku lako. Mkanda wake umechakaa lakini inapima sawa.

Gari lako ni la jioni. Kesho saa mbili asubuhi tunakwenda Mayoni, mimi na wewe. Rajabu amesema nikulete. Sikumwomba, amesema mwenyewe, "Mlete huyo msichana, aone mkono." Hakusema amekusamehe wala amenisamehe mimi. Atakunyooshea mkono wa kushoto, kama alivyokunyooshea ukiwa darasa la tatu. Safari hii nyoosha wako.

Ni mimi baba yako, niliyemwambia ashike.